Kisa cha barua ya mtaro sokoni, na Kiingereza "safi" kilichoipoteza

Hii barua, ya wamama wa sokoni kuiomba ofisi ya mji ifungue mtaro ulioziba, imezungumzwa sana huku kwetu na naona karibu kila mtu anaizungumza upande mmoja tu, ule wa kucheka Kiingereza cha wale wamama, kwa hiyo nimeamua kuandika kisa chote kuanzia mwanzo, maana nimeziona barua zote mbili, ile ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono na ile ya pili iliyochapwa, na karibu wahusika wote nimeongea nao uso kwa uso. Majina sitaji, soko sitaji, ofisi pia sitaji. Jua tu ni soko la mpakani upande wa Uganda, ukanda huu wa Busia na Malaba, mahali ambapo mtu mmoja asubuhi anauza kwa Kiswahili, anapatana bei kwa Kisamia au Kiteso, anagombana kwa Luganda, halafu akiwa na shida ya kupeleka serikalini inabidi atafute Kiingereza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari na mmoja wa hao wamama ni jirani yangu, ndiyo maana ishu yenyewe iliniingia mapema.

Soko liko hivi. Juu, karibu na barabara, kuna mstari wa stoo za mahindi na maharage. Chini yake, kwa mteremko, ndipo wamama wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, wanapoanika na kuuza. Nyuma ya stoo kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Mwaka uliopita greda lilipita kutengeneza barabara, likamwaga maramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, na maramu ikaujaza ule mtaro wote. Hakuna aliyeona shida wakati wa kiangazi. Mvua ya Machi ilipoanza ndipo watu wakaelewa, maana maji yote ya barabarani yalikosa njia, yakawa yanapita katikati ya stoo, yanalowesha magunia ya chini, halafu yanateremka mpaka kwenye turubai za mukene na kukaa hapo siku nzima.

Asiyejua hii biashara anaweza kudhani ni tope tu la kawaida la soko. Mukene ukilowa baada ya kukauka unaanza kunuka na kubadilika rangi, hautanunuliwa tena na mtu wa kula, utachukuliwa na watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Na mahindi ndiyo hatari zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini, sumu ya ukungu, isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na sote hapa mpakani tunakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya hiyo sumu, malori yakapanga foleni na watu wakapata hasara kubwa. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache lakini kwa masharti ya vyeti. Kwa hiyo mtaro mmoja kuziba sio jambo dogo, mwenye stoo na mama wa mukene wote walikuwa wanaumia na maji yale yale.

Wamama wana chama chao. Katibu wa chama ni dada mmoja aliyeishia Senior Two, yaani kidato cha pili, karo ikakosekana, lakini hesabu zake ni safi na daftari la chama analiweka vizuri kuliko vyama vingi vya watu wenye vyeti. Wakakubaliana kwamba yeye aandike barua kwa ofisi ya mji. Akaandika kwa kalamu, ukurasa mmoja. Kichwa cha barua kilisema "Water in the market has refused to go". Ndani akaeleza maji yanatoka wapi, yanafika wapi, turubai ngapi zimeharibika, halafu sentensi yenyewe ya ombi ilikuwa hivi: "We are requesting for opening of the drainage channel behind the stores which was closed last year when they were pouring murram." Ikisomwa na mtu mwenye nia ya kuelewa, hapo kila kitu kipo. Mtaro uko nyuma ya stoo, ulizibwa mwaka jana, ulizibwa na maramu, tunaomba ufunguliwe.

Kabla barua haijapelekwa, mtu mmoja akaipiga picha na kuirusha kwenye grupu ya WhatsApp ya mji. Ndani ya saa chache ikawa imezungushiwa duara nyekundu kila mahali na watu wanacheka mpaka kwa voisi noti. Wengine wakaandika ni aibu kwa mji, wengine wakauliza huyu alifanya P7, darasa la saba, wapi, mmoja akasema wamama wamalize kwanza shule ndio waje kusumbua ofisi. Niliisoma ile grupu yote, jumbe moja baada ya nyingine, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeuliza mtaro uko wapi au mbona maji yanaingia. Hilo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu wengi wao ni watu wananunua chakula kwenye soko lile lile.

Sasa tuangalie hizo duara nyekundu, maana hapa ndipo kisa kinaanza kuwa na mafunzo. Zilikuwa nyingi lakini zilizochekwa zaidi ni nne.

Ya kwanza, "requesting for". Ni kweli, kwenye Kiingereza cha vitabu kitenzi hicho hakihitaji "for", hiyo "for" inakwenda na nomino. Lakini sikiliza Waganda wanaoongea Kiingereza, sikiliza Wakenya, sikiliza hata Wanigeria na Wahindi, utaisikia kila siku, kwenye redio, kwenye mikutano, hata kwa watu wenye digrii. Maana haibadiliki hata chembe. Ya pili ilikuwa "discussed about", hiyo nayo ni kesi ile ile, "about" imezidi lakini hakuna msomaji anayepotea.

Ya tatu ndiyo iliyowafurahisha sana, "the water has refused to go". Jamani, sisi huku vitu vinakataa. Gari limekataa kuwaka, mlango umekataa kufunguka, maji yamekataa kwenda, ndivyo tunavyosema kwa Kiswahili na ndivyo watu wanavyosema kwa lugha zao za nyumbani, kwa hiyo mtu akifika kwenye Kiingereza anaendelea kuwaza vizuri vile vile. Mwingereza angeandika kivingine, sawa, lakini akiisoma atajua mara moja kwamba kuna maji yaliyotuama. Na afisa wa mji sio Mwingereza, ni mtu wa hapa hapa, gari lake pia hukataa kuwaka.

Ya nne ni "was". Hii ndiyo ilizungushiwa duara mbili. Watu waliona "stores" halafu wakaona "which was" wakapiga kelele, ati wingi na umoja hajui. Ishike hiyo, nitairudia, kwa sababu hiyo "was" ndiyo ilikuwa neno sahihi kuliko yote katika ile sentensi.

Baada ya vicheko, mwenyekiti wa chama akaona haya, akasema barua isiende hivyo, itafutiwe mtu wa Kiingereza. Wakamwendea mwalimu mstaafu, mzee anayeheshimika sana, amefundisha primary miaka mingi na nusu ya mji huu imepita mkononi mwake. Mzee alifanya kazi kwa moyo, hakudai hata shilingi, na naomba ieleweke kwamba sina ugomvi naye. Akakaa na katibu kibarazani, akaipitia mstari kwa mstari. Katibu alinisimulia ile sehemu ya "was" na mzee mwenyewe nilipomuuliza alikubali ilikuwa hivyo hivyo.

Mzee alisema, "Mwanangu, umoja na wingi hauchezewi. Stores ni nyingi, lazima iwe were."

Katibu akasema, "Mwalimu, lakini mimi hapo nilikuwa nasema mtaro."

"Unaweza kuwa ulisema mtaro, ila sentensi imesema stoo. Angalia neno liko karibu na lipi."

Katibu akanyamaza. Aliniambia hakuwa ameshawishika, alinyamaza tu kwa sababu ni mwalimu, na kwa sababu grupu nzima ilikuwa imeshamcheka kwa neno hilo hilo, akafikiri basi watu wote hawawezi kukosea yeye peke yake awe sawa.

Mzee akaendelea. "Requesting for" ikawa "request", vizuri. Sentensi moja iliyoishia na "on", ile ya mahali wanapoanika mukene, akaipindua ikawa "on which". Haikuharibu kitu, haikutengeneza kitu. Halafu akafika kwenye kichwa cha barua, akasema maji kukataa kwenda ni Kiingereza cha mtoto, akaandika "RE: REQUEST FOR RE-OPENING". Mwanzo wa barua uliosema maji yanapita katikati ya stoo akaubadilisha kuwa hali imekuwa "unbearable". Mukene kulowa na kunuka ikawa "perishable merchandise has been adversely affected". Na ombi lenyewe likatoka hivi: "We humbly request the opening of the drainage channel behind the stores which were closed last year during the murram works."

Isome tena polepole. Hiyo barua mpya haina neno maji mahali popote. Nimeitafuta, haipo. Mukene pia haupo. Kilichobaki ni kwamba kuna stoo, zilifungwa mwaka jana, bidhaa zimeathirika, hali haivumiliki, tunaomba kufunguliwa. Neno "drainage channel" bado limo, lakini sasa limekuwa kama kitu cha kuelekezea mahali, limezikwa katikati, na kila kitu kingine kwenye ukurasa kinaelekeza kwenye stoo.

Ikachapwa, ikapelekwa, ikagongwa muhuri. Grupu ikaiona ikasifu, sasa hii ndiyo barua.

Na bahati mbaya ilikuwa kwamba mwaka uliopita kulikuwa kweli kuna stoo mbili zilizofungwa kwa kofuli na ofisi hiyo hiyo, kwa sababu ya kodi ya pango iliyokuwa haijalipwa. Kwa hiyo aliyeipokea barua akasoma kichwa, akasoma "stores which were closed last year", akaona kesi anaijua, akaipeleka kwa afisa wa biashara. Injinia wa mji hakuiona kabisa. Wiki zikapita, mvua inaendelea, wamama wanasubiri injinia.

Aliyekuja ni afisa wa biashara na kitabu chake cha madeni. Akaingia mstari wa stoo akaanza kuuliza nani anadai afunguliwe na deni amelipa lini. Wenye stoo wakashtuka, wakauliza nani aliyetuandikia, akawaambia ni chama cha wamama wa mukene. Hapo pakawaka moto. Wenye stoo wakaona wamechongewa, wamama hawaelewi wanalaumiwa kwa nini, na watu ambao walikuwa na shida moja ya maji wakaanza kununiana, mmoja wa wenye stoo akawakataza hata kuweka turubai zao kwenye kibaraza chake wakati wa mvua kama zamani. Hasara ya mukene ya zile wiki siwezi kuihesabia mtu, lakini jirani yangu aliuza gunia zima kwa watu wa chakula cha kuku na nililiona.

Nani wa kulaumiwa? Nimesikia watu wanasema ni afisa, angekuja kwanza kuangalia. Sawa, angepiga simu moja tu, namba ilikuwa chini ya barua. Lakini afisa alisoma alichoandikiwa. Wengine wakamlaumu katibu, ati angeandika vizuri tangu mwanzo yasingetokea, na hapo ndipo siwezi kukubali hata kidogo, kwa sababu barua yake ya kwanza ingefika kwa injinia siku ile ile. Ilikuwa na maji kwenye kichwa chake. Ilikuwa na "was".

Turudi kwenye hiyo "was". Kiingereza kina udhaifu wake hapo, ukisema kitu nyuma ya kitu halafu uweke "which", msomaji lazima abahatishe "which" inashika nini, cha kwanza au cha karibu. Mara nyingi hakuna cha kumsaidia. Ila ikitokea kimoja ni umoja na kingine ni wingi, kitenzi ndicho kinamwokoa, "channel" ni mmoja, "stores" ni nyingi, ukisema "was" umeshamwambia msomaji ni mtaro. Katibu alikuwa amefunga maana kwa kamba pale, na waliojiita wajuzi ndio waliokata ile kamba. Na mimi naamini hakubahatisha. Mtu anayewaza kwa Kiswahili hawezi kuchanganya hapo, sisi tunasema mtaro ulio nyuma ya stoo uliozibwa, ukitaka stoo unasema zilizofungwa, ile "u" na ile "zi" hazikuachi upotee. Alipofika kwenye Kiingereza akaendelea kushika mtaro wake kama anavyoushika kwa Kiswahili, na sarufi ya Kiingereza ikamkubalia. Ni wasomaji waliangalia neno la karibu badala ya kuangalia neno linalosemwa.

Mtu asiseme huu ni ubishi wa walimu tu. Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst waliishtaki kampuni yao kuhusu malipo ya ovataimu, na kesi ikaamuliwa kwa koma moja. Sheria ilikuwa inataja kazi ambazo hazina ovataimu, kuweka kwenye makopo, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na kadhalika, halafu mwishoni kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, na kabla ya "au" hapakuwa na koma. Je kusambaza ni kazi ya peke yake kwenye orodha, au ni kufungasha tu kwa ajili ya kusambaza? Madereva wanasambaza, hawafungashi. Mahakama ya rufaa mwaka 2017 ikaona sentensi haieleweki, ikawapa madereva ushindi kwenye hiyo pointi, na 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Hiyo sheria kumbuka ilikuwa inaongea juu ya vyakula vinavyoharibika, samaki wamo. Sarufi ya namna hiyo naipigania kwa nguvu zote, ile inayoamua nani analipwa na nani anafunguliwa mtaro. Na pale "were" ilipoivunja, hakuna aliyeizungushia duara.

Swali langu kubwa ni kwa nini macho yetu yanakwenda kwenye "requesting for" na hayaendi kwenye maji. Nadhani jibu liko shuleni. Kiingereza sisi tulikutana nacho kama mtihani kabla ya kukutana nacho kama lugha. P7 masomo ya PLE, mtihani wa kumaliza primary, ni manne na Kiingereza ni moja, na kila mtu aliyepita pale anakumbuka zile sentensi za kuandika upya kama ulivyoagizwa, anza na "No sooner", anza na "Hardly", tumefundishwa kugeuza sentensi ambazo hakuna mtu anayezisema na hakuna aliyetuuliza zinamaanisha nini. Shule nyingi mtoto akiongea lugha ya nyumbani anavishwa kitu shingoni, kibao au mfupa, anakivaa mpaka amkamate mwenzake. Mtoto aliyekua hivyo akiona kosa la Kiingereza hamwoni mtu anayesema jambo, anamwona mwenye kibao, na anafurahi sio yeye. Ile grupu ya WhatsApp ilikuwa ni darasa lile lile, watu wazima na ndevu zao.

Na kuna makosa ambayo hayachekwi. Bosi akituma ujumbe wa Kiingereza kibovu kwenye grupu hiyo hiyo watu wanajibu "noted sir". Mheshimiwa akisimama jukwaani akavuruga umoja na wingi tunapiga makofi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunalinda lugha. Tunaangalia kwanza nani ameandika, halafu ndio tunaamua kama kuna kosa, na mama wa mukene huwa na kosa hata kabla hajafungua mdomo.

Halafu hizo sheria tunazozigombea wengi hatujui zimetoka wapi. Kiingereza hakina baraza la kukisimamia. Jonathan Swift aliomba liundwe mwaka 1712 na halikuundwa mpaka leo, wakati Kiswahili kina BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, pale Tanzania tangu 1967. Sheria nyingi za "usifanye hivi" ziliandikwa na watu binafsi kwenye vitabu vyao. Ile ya sentensi kutoishia na neno kama "on" au "to", ambayo mzee wetu aliitumia, ilitiwa nguvu na askofu mmoja, Robert Lowth, kwenye kitabu chake cha sarufi cha 1762, na hata yeye hakusema ni kosa, alisema tu kwamba kwenye maandishi rasmi ile namna nyingine inapendeza zaidi, na alipokuwa anaeleza kwamba Kiingereza kina tabia hiyo akaandika sentensi yake mwenyewe inayoishia na "to". Baadaye Lindley Murray akachukua mengi ya Lowth akayaweka kwenye kitabu chake cha 1795, kikauzwa shuleni Uingereza na Marekani kwa wingi, na shauri la askofu likageuka amri ya darasani. Fowler, Mwingereza aliyeandika kamusi ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, aliikataa hiyo amri waziwazi. Sisi tukaipokea na fimbo yake, na leo iko kibarazani mpakani inasahihisha turubai za mukene.

Najua kuna atakayesema basi unataka kila mtu aandike anavyotaka. Hapana. Mimi ni mwalimu, nasahihisha kila siku, na ningemsaidia katibu kuondoa ile "for", kwa sababu barua ya ofisi inaweza kufika Kampala kwa mtu asiyemjua na sitaki apewe sababu ya kumdharau. Lakini kuna utaratibu wa kusahihisha. Kwanza unauliza anataka nini. Unamwacha akueleze kwa lugha anayoijua, Kiswahili au chochote, mpaka wewe mwenyewe uweze kukirudia. Halafu unaangalia kama barua inakisema. Zile "for" na "about" unazifikia mwisho kabisa, na maneno ya macho na pua, maji, mukene, kunuka, hayo huyagusi. Mzee wetu alianza na mwisho. Na lile la kubadilisha maji kuwa "situation" sio kusahihisha, hilo ni kuandika barua nyingine, maofisi yetu yamejaa hicho Kiingereza cha hali na changamoto na athari, mtu anaweza kusoma kurasa tatu asijue kama nyumba iliungua au ng'ombe walikufa.

Kitu kingine watu hawakisemi, hiyo barua ingeweza kuandikwa Kiswahili. Katiba yetu ya 1995 iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, marekebisho ya 2005 yakaongeza Kiswahili kama lugha rasmi ya pili kitakachotumika pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kukitumia rasmi na kukifanya lazima mashuleni. Kwenye karatasi tuko mbali. Dirishani, mama akipeleka barua ya Kiswahili anaulizwa kwa nini hakutafuta mtu wa kumwandikia. Na huku mpakani afisa mwenyewe akitoka nje ya geti ananunua ndizi kwa Kiswahili.

Kilichomaliza mambo kilikuwa rahisi. Katibu na mwenyekiti walienda wenyewe kwa injinia, wakaikunjua ile barua ya kwanza ya mkono, ile iliyochekwa, na picha za maji kwenye simu. Injinia alisoma kichwa cha barua tu akauliza, "Mtaro wa nyuma ya stoo umejaa nini?" Wakamwambia maramu. Akaja kuangalia, na vijana wakachimba ule mtaro ndani ya siku mbili tatu. Wenye stoo na wamama wamepatana nusu nusu, yule aliyekataza kibaraza bado hajakiachia.

Mzee nilimpelekea barua zote mbili nikamwonyesha "was" na "were" zikiwa pamoja. Alizisoma muda mrefu, akaniomba nakala, akasema anataka kuionyesha kwa walimu vijana anaokutana nao kanisani. Watu wa grupu sijaona hata mmoja aliyemwomba radhi katibu.

Na katibu mwenyewe ndiye anayenitia wasiwasi. Chama kina barua nyingine ya kuandika, inahusu mizani ya soko inayopunja, na amesema hataandika tena Kiingereza, watafute mtu. Nimekubaliana na mwenyekiti tujaribu hivi: katibu ataandika Kiswahili yote anayotaka kusema, mimi nitaweka Kiingereza pembeni mstari kwa mstari, halafu kabla ya kupelekwa tutampa mtu ambaye hauzi sokoni aisome na atuambie kwa maneno yake tunaomba nini. Akisema mizani, inaenda. Rasimu ya Kiswahili ameshaianza, mstari wa kwanza unasema kilo moja ya mukene kwenye hiyo mizani inatoka gramu mia tisa na kidogo, na hapo hakuna cha kusahihisha.